Mbu wamezoea dawa: namna ya kukifanya chandarua kiendelee kukulinda

Shangazi yangu anakaa nje kidogo ya mji wa Muheza, mkoani Tanga, upande wa barabara ya kwenda Pangani. Masika iliyopita nililala kwake. Asubuhi, kabla sijanawa uso, akaniita chumbani, akawasha tochi ya simu na kuielekeza kona ya juu ya neti yake. "Mwanangu, tazama mwenyewe. Hawa wamelala na mimi." Walikuwa wanne, wameng'ang'ania kitambaa pale kamba inapofungwa, matumbo yamejaa. Nilipomfinya mmoja, doa la damu likabaki kidoleni. Neti yenyewe ilikuwa ya kliniki, ameachiwa na binti yake, haijatimiza hata miaka miwili. "Sasa dawa yake inamuua nani?" akaniuliza.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na swali hilo nalisikia karibu kila ninakopita. Wengine hawaulizi tena. Wamezikunja neti zao chini ya godoro, au wamezungushia matuta ya mchicha kuku wasiingie. Nawaelewa, kwa sababu walichokiona ni kweli: mbu wengi wa huku kwetu wamekuwa sugu kwa dawa iliyomo kwenye neti za kawaida. Ila hitimisho lao linawaponza watoto.

Muheza ina historia na jambo hili. Miaka ya 1980 watafiti walijenga vibanda vya majaribio hapa, watu wakalala ndani ya neti zilizochovywa pemethrini, dawa ya kuua wadudu, na asubuhi mbu wakahesabiwa mmoja mmoja. Ilionekana kwamba hata neti yenye matundu, mradi imechovywa, ilipunguza sana kuumwa. Mbu akigusa uzi alikufa au alikimbia kabla hajaliona tundu. Dawa ilikuwa inaifichia neti aibu yake. Mbu wa leo akigusa uzi uleule haanguki. Anatembea juu ya kitambaa mpaka apate mlango. Kwa hiyo tundu ambalo zamani halikuwa na madhara makubwa, leo ndilo linaloingiza malaria kitandani. Mbu ameweza kuizoea dawa. Kitambaa kizima hawezi kukizoea.

Kwanza, mjue anayekusumbua

Watu wengi huipima neti kwa kelele za mbu, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Anayepiga kelele sikioni hapa Tanga mjini, kuanzia Ngamiani hadi Makorora, mara nyingi ni kuleksi, mbu wa maji machafu ya vyoo na mitaro. Huyu ni mgumu kufa kwa dawa za neti tangu zamani. Haenezi malaria, ingawa hapa pwani ndiye anayesambaza minyoo ya matende na mabusha, kwa hiyo si wa kupuuzwa. Lakini ukimwona hai kwenye neti, usiseme dawa ya malaria imekwisha.

Wa malaria ni anofelesi. Mtazame ametua ukutani: kiuno kimeinuka juu kama anayetaka kupinduka kichwa chini, na mabawa yana madoa. Kuleksi hutua mwili ukiwa sambamba na ukuta. Anofelesi huuma usiku ulioiva, hasa kuanzia saa nne hadi alfajiri, na wengi wao wana sauti ndogo hata humsikii. Wa tatu ni aidesi, mweusi mwenye michirizi myeupe miguuni, anayeuma mchana. Ndiye aliyeleta mlipuko wa dengi wa mwaka 2019 hapa Tanga na Dar es Salaam. Huyo neti ya usiku haimpati sana. Dawa yake ni kufunika mapipa na kuondoa matairi na vifuu vya nazi vinavyokinga maji ya mvua.

Wale wanne wa shangazi niliwatandaza juu ya karatasi nyeupe. Watatu walikuwa kuleksi. Mmoja alikuwa na madoa mabawani, na huyo mmoja ndiye aliyeninyima raha.

Usugu umetoka wapi

Dawa za neti karibu zote ni za jamii moja, ambayo asili yake ni pareto, lile ua jeupe linalolimwa nyanda za juu. Viwanda viliiga sumu yake vikatengeneza pemethrini, deltamethrini na alfa-saipamethrini. Dawa ya kopo unayopuliza chumbani na ile ya duara unayoichoma jioni nazo kwa kawaida ni za ukoo huohuo. Vivyo hivyo baadhi ya dawa za kunyunyizia mboga na matunda. Mvua inaosha shamba, maji yanatuama kwenye nyayo za ng'ombe, viluwiluwi vinakulia humo. Wanaokufa wanakufa, wachache waliozaliwa na uwezo wa kuhimili wanabaki, wanazaana, na vizazi vya mbu havichukui miaka, vinachukua wiki.

Uwezo huo ni wa namna kuu mbili. Ya kwanza: dawa hii hushambulia milango midogo ya mishipa ya fahamu ya mbu, na mbu sugu mlango wake umebadilika umbo, dawa haishiki vizuri. Ya pili ndiyo inayotupa shida zaidi: mwili wa mbu hutengeneza vimeng'enya kwa wingi, vinaivunjavunja sumu kabla haijafika kwenye fahamu. Wapo pia walioota ngozi nene.

Wataalamu huupima usugu kwa kuwafungia mbu kwenye mrija uliotandikwa karatasi yenye dawa kwa saa moja, kisha wanahesabu waliokufa baada ya saa 24. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, wakifa 98 au zaidi kati ya 100, dawa bado inafanya kazi. Wakifa chini ya 90, hao ni sugu. Anofelesi wa Muheza walishapimwa na usugu wao ukathibitishwa, kwa hiyo shangazi hakuwa anaota.

Ila mbu asiyekufa papo hapo naye haondoki salama. Vimelea vya malaria vinahitaji takriban siku 10 hadi 14 ndani ya mbu kabla havijawa tayari kumwambukiza mtu. Mbu aliyegusa dawa mara kwa mara huchoka, na wengi hawafiki umri huo. Neti yenye dawa kwa hiyo bado ni bora kuliko isiyo na dawa, hata penye mbu sugu.

Soma lebo kabla hujaitundika

Lebo imeshonwa kwenye pindo. Watu huikata kwa sababu inachoma ngozi. Usiikate, ikunje ndani uipige uzi. Kwa kalamu isiyofutika andika juu yake mwezi na mwaka ulioanza kuitumia, maana baada ya mwaka mmoja kila mtu nyumbani atakuwa na kumbukumbu yake.

Neti ambazo zimezoeleka zaidi ni za dawa moja tu ya jamii ya pareto: Olyset ya kawaida, PermaNet 2.0, Interceptor isiyo na nyongeza. Hizi ndizo mbu sugu wamezizoea.

Kundi la pili lina PBO. Herufi hizo tatu ndizo utakazozitafuta, au majina kama Olyset Plus na PermaNet 3.0. PBO yenyewe haiui mbu. Inavifunga mikono vile vimeng'enya ili dawa ipite. PermaNet 3.0 ina PBO juu kwenye paa peke yake, na ipo sababu nitakayoieleza. Tatizo la PBO ni kwamba hupungua mapema kuliko tulivyotegemea.

La tatu ni la neti zenye klofenapiri pamoja na dawa ya pareto, mfano Interceptor G2. Hii inafanya kitu ambacho kila nikikieleza vijijini watu hutabasamu: vile vimeng'enya ambavyo mbu anavitegemea kuivunja sumu ndivyo vinavyoigeuza klofenapiri kuwa sumu kali ndani ya mwili wake. Silaha yake inamgeukia. Wilayani Misungwi, mkoa wa Mwanza, neti hizi zilijaribiwa dhidi ya nyingine, na matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Baada ya miaka miwili, watoto waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 45.8 katika vijiji vya neti za kawaida, 40.7 kwenye zenye PBO, na 25.6 kwenye zenye klofenapiri. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likazipendekeza rasmi kwa maeneo yenye mbu sugu. Ukipewa neti hii usiitupie lawama ukiona mbu anaruka kutoka kwake akiwa hai, kwani inaua polepole na anaweza kuchukua hadi siku tatu kufa.

Kliniki huchagui neti. Unachukua unachopewa, na uchukue. Lakini ukiwa na neti mbili za aina tofauti nyumbani, bora zaidi iende kwa mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano, baba abaki na ya kawaida. Nimeona nyumba ambako ni kinyume chake.

Matundu: hesabu, kisha shona

Hapa ndipo pa kutumia muda. Ifungue neti yote uwanjani kivulini, watu wawili mkiishika kila mmoja upande wake, mwingine akikagua. Tundu dogo kuliko nusu sentimita liache. Mengine yapime kwa mwili wako mwenyewe, kama wapimavyo wakaguzi wa neti:

La gumba, yaani lisilopitisha kidole gumba, lipe alama 1.
La ngumi, yaani linalopitisha gumba lakini si ngumi, alama 23.
La kichwa, yaani linalopitisha ngumi lakini si kichwa, alama 196.
Kubwa kuliko kichwa, alama 576.

Jumlisha. Ukipata 64 au chini, neti ni nzima. Kati ya 65 na 642, imechoka lakini inatengenezeka. Ikizidi 642, tafuta nyingine, na ukisubiri endelea kuilalia ukiwa umeishona unavyoweza.

Ya shangazi ilikuwa na matundu tisa ya gumba, matano ya ngumi na mawili ya kichwa. Yaani 9, na 115, na 392: jumla 516. Mawili ya kichwa peke yake ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya balaa, na yote mawili yalikuwa upande wa chini, pale neti inapochomekwa na kukwaruzwa na msumari wa kitanda kila asubuhi. Tulikaa kwenye mkeka kuanzia adhuhuri mpaka karibu na alasiri. Tuliyaziba mawili ya kichwa na manne ya ngumi. Likabaki moja la ngumi na tisa madogo, jumla 32. Neti iliyokuwa inakwenda kwenye mchicha ikarudi kuwa neti nzima, kwa uzi wa shilingi mia chache.

Kushona kwenyewe hakuhitaji fundi cherehani. Tundu la gumba likusanye kwa vidole, lizungushie uzi mara tatu, funga fundo. La ngumi lishone kwa mkono, mishono ya karibu, ukianzia nje kidogo ya mchano ili lisiendelee kukimbia. La kichwa usilivute likutane, maana utaikunja neti na itachanika pembeni, weka kiraka. Kiraka kizuri ni kipande cha neti nyingine iliyochakaa. Kipande cha kanga nyepesi kinafaa pia, ingawa kitapunguza hewa kidogo.

Uanzie wapi, ikiwa una muda wa matundu matatu tu? Ile hesabu haitofautishi juu na chini. Mimi natofautisha. Mbu hufuata pumzi na joto la mwili, na joto hupanda, kwa hiyo hujigongagonga zaidi juu ya paa la neti kuliko ubavuni. Ndiyo sababu ya PermaNet 3.0 kuwekewa PBO juu. Tundu la ngumi kwenye paa la neti, usawa wa kifua cha aliyelala, nalishona kabla ya la ukubwa huohuo lililo miguuni.

Kisha ondoa kilichochana. Msumari ugonge ulale. Ncha za mbao zifunge kitambaa. Koroboi na mshumaa usiviweke karibu na neti kabisa. Mbali na kutoboa, neti inashika moto. Mchana inyanyue uifunge fundo juu, watoto wasicheze nayo na panya wasipande.

Kufua na kuanika

Neti mpya ianike kivulini kwa saa 24 kabla ya kuilalia. Ukiruka hatua hii unaweza kuwashwa uso siku mbili tatu, kisha inaacha. Kuifua, mara nne kwa mwaka zinatosha. Neti hizi hutengenezwa zihimili kufuliwa mara 20 na kutumika miaka 3, ambayo anayefua kila wiki atakuwa ameimaliza kabla ya nusu mwaka. Tumia maji baridi na sabuni ya mche. Dawa ya kung'arisha nguo usiitie, wala usiiloweke usiku kucha, wala usiipige kwenye jiwe. Anika kivulini, chini ya mwembe ni pazuri, kwa sababu jua kali la huku linaiharibu dawa. Maji uliyofulia yamwage kwenye shimo la choo au ardhini mbali na kisima. Mtoni na baharini yanaua samaki.

Kuitundika

Itundike ichomekwe chini ya godoro pande zote, na isiguse mwili wa aliyelala, maana mbu huuma kupitia kitambaa. Kama familia inalala kwenye mkeka, chomeka pindo chini ya mkeka. Neti ya pembe nne hukaa mbali na mwili kuliko ya duara. Kwa kitanda cha kamba kisicho na godoro, tandika mkeka au gunia juu ya kamba, kwani mbu huingia pia kutokea chini, jambo ambalo wengi hatulifikirii.

Ishushe kabla ya Isha, hasa kwa watoto wanaolala mapema.

Ukaguzi wa tochi

Kila baada ya wiki mbili, amka mapema na fanya alivyofanya shangazi. Tazama ndani ya neti, kona za juu kwanza. Hakuna mbu, vizuri. Yupo, hana damu: aliingia ulipokuwa unaingia, kesho ingia upesi na uchomeke. Yupo, amejaa damu: tafuta tundu leo hiihii. Ukiwakuta wengi wenye madoa mabawani na neti ni nzima na mpya, mweleze mhudumu wa afya wa mtaa wako au ofisi ya zahanati. Taarifa za namna hiyo ndizo zinazowasaidia wataalamu kujua wapi pa kuja kuwapima mbu.

Usijaribu kuiongezea dawa mwenyewe

Hili nalisema kwa uchungu. Nimeingia nyumba moja nikakuta neti ya mtoto mchanga inanuka dawa ya shamba. Baba aliichovya kwenye dawa ya kunyunyizia nyanya, akidhani kama ya kliniki imeshindwa basi hii ni kali zaidi. Mtoto alikuwa anatapika. Tuliitoa neti, tukamwogesha, tukampeleka zahanati, na Mungu alisaidia. Dawa za shamba zinapenya kwenye ngozi, nyingine zinaathiri pumzi, na hazijatengenezwa zilaliwe. Zamani neti zilichovywa kila baada ya miezi sita kwa dawa iliyopimwa kwa kazi hiyo; neti za leo dawa imewekwa kiwandani, hazichovywi.

Kuhusu dawa ya kopo na ya duara, kuzitumia kila usiku juu ya neti kunawafundisha mbu dawa ileile na kunachafua hewa ya chumba. Fedha hiyo ningeiweka kwenye wavu wa dirisha.

Nyumba na mazingira yake

Anofelesi huingia zaidi kupitia ule mwanya kati ya ukuta na paa. Katika nyumba za makuti na za bati zisizo na dari, kuuziba kwa udongo, mbao au wavu hupunguza sana wanaofika kitandani. Acha madirisha yapitishe hewa, lakini yawekee wavu.

Mazalia yake ni maji safi yaliyotuama juani: mashimo ya kufyatulia matofali, nyayo za ng'ombe, majaruba ya mpunga. Fukia yanayofukika. Kwa kuleksi, shughulika na choo. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya shimo vyenye maji vilimwagiwa punje za povu jepesi zilizofunika maji, viluwiluwi vikakosa hewa, na mbu wa matende wakapungua sana. Kifuniko kinachobana na wavu kwenye bomba la hewa la choo ni hatua ambayo kila nyumba inaiweza.

Homa ikija

Neti nzuri hupunguza, haimalizi. Mtoto akipata joto, apimwe ndani ya saa 24 kwa kipimo cha haraka, apewe dawa mseto kama ana malaria na aimalize dozi yote. Mjamzito ahudhurie kliniki na ameze SP, vidonge vya kumkinga mjamzito na malaria, kwa vipindi anavyopangiwa, hata kama neti yake haina tundu hata moja.

Neti iliyokwisha

Usiitoe ya zamani mpaka mpya iwe imetundikwa. Kisha ikate: pande zilizo nzima ziwe viraka au wavu wa dirisha. Usiipeleke pwani kutandia uduvi wala kuvulia dagaa. Matundu yake madogo yanazoa mpaka vifaranga vya samaki, na dawa iliyobaki inaua vilivyomo majini. Mabaki yasiyofaa usiyachome uani, moshi wake ni sumu. Yafukie mahali pakavu, mbali na kisima na mkondo wa maji. Shangazi amekata yake ya zamani vipande vinne, amevikunja ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na sindano na uzi mweupe, na mkebe unakaa juu ya kabati, karibu na tochi.